Kibofu Kilichotoboka: Je, Mgonjwa Aambiwe?



Swali ninalotaka tulitafakari mwezi huu halikutoka katika vitabu vya dini, limetoka hospitalini. Daktari anamfanyia mtu upasuaji wa uvimbe ulio ndani ya kibofu cha mkojo. Anaifanya kazi yake kwa uangalifu wote. Hakulewa, hakusinzia, wala hakuwa na haraka ya kwenda kwake. Katikati ya kazi ukuta wa kibofu unatoboka. Tundu lile linapona baada ya siku kadhaa, na mgonjwa anarudi nyumbani kwa miguu yake. Je, daktari anapaswa kumwambia lililotokea? Na ikiwa tundu hilo huenda limeongeza hatari ya saratani kurudi, na huenda halikuongeza chochote, je, anawajibika kusema jambo ambalo yeye mwenyewe hana hakika nalo?

Wako watakaosema kwamba hayo ni ya madaktari, gazeti la kanisa lina haja gani nayo. Lakini ugonjwa huu uko kwetu. Sisi wa pwani, na ndugu zetu wa Unguja, Pemba na kandokando ya Ziwa Victoria, tumeishi na kichocho tangu zamani. Mvulana akikojoa damu, wazee wengine walisema tu kwamba sasa anakuwa mwanamume. Mdudu aletaye kichocho cha mkojo alitambuliwa huko Kairo mwaka 1851 na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, na mwaka 1911 daktari mwingine huko huko Misri, jina lake Ferguson, aliandika juu ya uhusiano wa kichocho na saratani ya kibofu. Mwaka 1994 shirika la kimataifa linalochunguza saratani lilimtia mdudu huyo katika orodha ya vitu ambavyo hakika husababisha saratani kwa binadamu. Sigara nayo imo katika orodha hiyo, na katika nchi nyingi ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya saratani ya kibofu. Basi mtu asidhani kwamba nazungumza habari za mbali.

Ili tulipime swali letu kwa haki, yatupasa kwanza kujua kazi yenyewe hufanywaje, maana watu wengi hulaumu wasichokijua.

Uvimbe wa kibofu, ukiwa ungali wa juujuu, hauondolewi kwa kupasua tumbo. Daktari huingiza chombo chembamba kupitia njia ya mkojo. Chombo hicho kina taa na kioo cha kuonea, na mbele yake kuna kitanzi kidogo cha waya kipitishacho umeme. Kibofu hujazwa maji maalumu ili kutanuka, na daktari huukwangua uvimbe vipande vipande, kama seremala anavyopiga randa ubao, huku akichoma mishipa ya damu inayovuja. Vipande hukusanywa na kupelekwa maabara. Kazi hii ina historia ndefu: Max Nitze alionyesha chombo cha kutazamia ndani ya kibofu mwaka 1879, Edwin Beer wa New York aliunguza uvimbe wa kibofu kwa umeme mwaka 1910, na kitanzi cha kukatia kikafuata katika miaka ya 1920.

Sasa angalieni ugumu wake. Ukuta wa kibofu kilichojaa una unene wa milimita chache tu. Uvimbe huota kwenye utando wa ndani, na chini ya utando huo iko misuli. Daktari hapaswi kukwangua juu juu na kuacha shina. Tena si kuondoa tu: ni lazima katika vile vipande kiwemo kipande cha misuli, ili mtaalamu wa maabara atazame kwa hadubini aone kama saratani imekwisha kuingia humo au la. Habari hiyo ndiyo huamua matibabu yote yanayofuata. Uvimbe usiofika kwenye misuli, kibofu huweza kuachwa mahali pake. Uliofika, mara nyingi hapana budi kibofu chote kiondolewe au kitibiwe kwa mionzi. (Uvimbe utokanao na kichocho kwa kawaida hugunduliwa umekwisha kuzama, kwa hiyo mengi nisemayo hapa ni juu ya aina nyingine, ile iwapatayo sana wavutaji wa sigara.) Ndiyo kusema daktari ameagizwa afike kwenye misuli lakini asiipite. Kati ya kufika na kupita hapatoshi hata upana wa punje ya mchele.

Zaidi ya hayo iko hatari nyingine ambayo haimtegemei yeye peke yake. Upande wa kulia na wa kushoto wa kibofu hupita mshipa wa fahamu uendao kwenye misuli ya ndani ya paja. Umeme wa kitanzi ukiugusa mshipa huo kwa mbali, paja huruka ghafula, hata kama mgonjwa amepigwa ganzi ya mgongo na hasikii lolote. Mguu ukiruka wakati kitanzi kimo ukutani, kitanzi hupenya. Madaktari wanazo njia za kulizuia jambo hilo: kutumia nusu kaputi pamoja na dawa ya kulegeza misuli, kuuchoma mshipa ule sindano ya ganzi, kutokijaza kibofu kupita kiasi. Njia hizo hupunguza hatari, haziiondoi.

Kibofu kikitoboka upande usioelekea tumboni, mara nyingi dawa yake ni subira: mpira wa mkojo huachwa siku nyingi zaidi, labda wiki moja au mbili, mpaka tundu lizibe lenyewe. Kikitoboka kuelekea kwenye uwazi wa tumbo, maji huingia humo, na mara nyingi hulazimu kupasua na kushona. Matoboko makubwa ya namna hii hayatokei mara nyingi. Hutokea kwa wagonjwa wachache katika kila mia.

Na saratani je? Hapa ndipo penye uzito wa swali. Maji yaliyomo kibofuni wakati wa kazi yamechanganyika na chembe za uvimbe uliokatwa. Yakitoka nje kupitia tundu, huenda chembe hizo zikatoka nayo na kuota mahali pengine. Jambo hilo limeonekana kwa wagonjwa fulani, nalo ni nadra. Wachunguzi waliolifuatia hawakupatana: wengine waliona kwamba waliotobolewa, hasa wale waliopasuliwa tumbo ili kushonwa, saratani iliwarudia zaidi, wengine hawakuona tofauti. Ni vigumu kupambanua, kwa sababu uvimbe mkubwa na mbaya ndio wenye kutobolewa zaidi, na uvimbe huo huo ungerudi zaidi hata bila tundu.

Lakini iko njia nyingine ya madhara, nayo haina mabishano. Baada ya kukwangua, katika saa 24 za kwanza, madaktari huweza kutia dawa ndani ya kibofu ili kuziua chembe zinazoelea. Tafiti zilizokusanywa pamoja zilionyesha kwamba dawa hiyo, ikitiwa mara moja tu, iliwapunguza waliorudiwa na uvimbe katika miaka mitano kutoka watu 59 hivi katika kila mia hadi 45. Haya, kibofu kikiwa kimetoboka, dawa hiyo hairuhusiwi, maana itavuja nje na kuunguza mwili. Basi mgonjwa aliyetobolewa huikosa kinga hiyo, wala hakuna atakayeirudisha saa ile ikiisha kupita. Tena daktari aonapo tundu, mara nyingi hulazimika kusimamisha kazi kabla haijaisha, na uvimbe uliobaki hungoja siku nyingine. Hata ile tiba nyingine mashuhuri, ya kutia kibofuni chanjo ya kifua kikuu (ndiyo, ile ile wachomwayo watoto wetu wachanga na kuwaachia kovu, ambayo Dakta Alvaro Morales wa Canada aliandika habari za kuitumia kwa kazi hii mwaka 1976), hiyo nayo hungoja mpaka majeraha yapone.

Kwa hiyo tundu limepona, lakini mambo hayakurudi kuwa kama ambavyo yangekuwa.

Kabla ya kufika kwenye kuambiwa au kutoambiwa, nataka kukaa kidogo juu ya daktari mwenyewe, maana naona sisi wasikilizaji wa habari hizi ni wepesi kumhukumu mmoja na kumsamehe mwingine, na huenda tunakosea wote wawili.

Tuseme wako wapasuaji wawili. Wa kwanza anakata kwa kina kinachotakiwa, na mara moja moja hutoboa. Wa pili anaogopa sana kutoboa. Anakwangua juu juu, anatoka akiwa safi, hana tundu hata moja katika daftari lake. Wagonjwa wake hurudi nyumbani mapema, wanamsifu. Baada ya miezi mitatu wanapotazamwa tena, uvimbe upo. Nani atamlaumu? Watu husema, "Ndiyo desturi ya kansa, hurudi." Na kweli hurudi, ndiyo maana lawama haimpati. Lakini wengine katika hao hawakurudiwa na kitu. Kile kile kilichoachwa ndicho kilichoendelea kukua. Madaktari wenyewe wanalijua jambo hili, ndiyo sababu kwa uvimbe wa aina mbaya uliovuka utando wa ndani wameweka kanuni ya kurudia kukwangua baada ya wiki mbili hadi sita, na mara nyingi katika kurudia huko hukuta mabaki.

Hapo tuna makosa mawili yanayoweza kumpata mgonjwa. Moja laonekana siku ile ile, lina damu, lina maumivu, lina jina la mtu. La pili halionekani, huja polepole, na likija huitwa ugonjwa. Sisi walimu tumeyaona hayo katika kazi yetu. Yuko mwalimu aliyeogopa taarifa ya mkaguzi, akawatungia watoto mitihani myepesi, darasa lake likafaulu lote. Walipofika darasa la juu wakashindwa kusoma, akalaumiwa mwalimu wa darasa lile la juu.

Katika Kitabu chetu cha Sala, lile ungamo la jumla la sala za asubuhi na jioni hutaja kwanza mambo tuliyoacha kuyafanya, ndipo hufuata yale tuliyoyafanya. Sidhani kwamba mpango huo ulikuja kwa bahati tu. Mwenye kuungama hukumbuka haraka alilolitenda kwa mkono wake. Aliloliacha husahau, maana halikumwachia alama. Basi ninapoulizwa kama yule daktari wa kwanza ana hatia, nasema kwamba kutoboa peke yake si hatia, na hospitali itakayomwaibisha kwa kila tundu itawafundisha wapasuaji wake wote kukata kwa woga. Gharama ya woga huo hawatailipa wao. Walakini kama alijua kwamba uvimbe uko pembeni, karibu na ule mshipa, na njia za kuuzuia mguu usiruke zilikuwepo, akaziacha kwa uvivu, hapo ni mambo mengine, na neno "ajali" lisitumike kulifunika.

Sasa tuje kwenye kuambiwa.

Yuko mzee mmoja wa mtaa wetu, ambaye amekwisha kulala katika Bwana na wanawe wameniruhusu kuyaandika haya bila jina. Alifanyiwa upasuaji wa namna hii katika hospitali moja. Wenzake wa vitanda vya jirani walitolewa mipira ya mkojo baada ya siku mbili tatu, yeye wa kwake ukakaa siku 12. Akamwuliza muuguzi, "Mwanangu, mbona wenzangu wameshatolewa, mimi bado?" Akajibiwa, "Mzee, hiyo ni kawaida tu, kila mtu na mwili wake." Mwanawe mkubwa alikuwa ameitwa pembeni na kuambiwa, naye alinyamaza. Mwaka uliofuata mzee alianza kuumwa chini ya tumbo. Alikwenda hospitali nyingine, huko daktari kijana akamwuliza maswali mazuri: ule upasuaji wa kwanza ulikuwa na tatizo lolote? Mzee akajibu kwa moyo mweupe kwamba haukuwa na tatizo. Karatasi yake ya ruhusa nayo haikuwa na neno. Kibofu kikatazamwa kwa ndani, kikaonekana safi, akarudishwa nyumbani na dawa za maumivu. Uvimbe ulikuwa nje ya kibofu. Ulipokuja kuonekana kwa picha, miezi minne ilikuwa imepita.

Sisemi kwamba miezi minne ile ingemponya. Hakuna awezaye kusema hivyo, hata daktari. Nasema kwamba swali liliulizwa vizuri, na mtu pekee aliyekuwa na haki ya kujua jibu lake alikuwa amenyimwa.

Mtakatifu Agustino wa Hippo aliandika vitabu viwili juu ya uongo, akashikilia kwamba kila uongo ni dhambi, hata ule wa huruma. Lakini pia alitofautisha kusema uongo na kuuficha ukweli kwa kunyamaza. Wengine hujikinga kwa tofauti hiyo: daktari hakudanganya, alinyamaza tu. Mimi naona kinga hiyo haitoshi hapa, kwa sababu mbili. Kwanza, mzee aliuliza, na "ni kawaida tu" si kunyamaza, ni jibu. Pili, mgonjwa wa saratani ya kibofu hajaagana na ugonjwa wake siku anapotoka hospitali. Atakuwa akirudi kutazamwa baada ya miezi mitatu, na tena, na tena, kwa miaka. Katika miaka hiyo yeye mwenyewe ndiye mlinzi wa mwili wake; ndiye atakayehisi maumivu, ndiye atakayeulizwa. Kumficha habari ya tundu ni kumweka mlinzi langoni bila kumwambia kwamba ukuta wa nyuma uliwahi kubomoka.

Wako wenye hoja dhidi yangu, nami siwadharau. Wanasema kwamba mgonjwa akiambiwa jambo lisilo na hakika atakosa usingizi bure, atakimbilia kwa waganga, ataacha kurudi hospitali. Yawezekana. Lakini huyu mtu alikwisha kuambiwa kwamba ana saratani, akastahimili, akatia sahihi fomu, akaingia chumba cha upasuaji. Tunamwonaje kuwa na nguvu ya kubeba neno kubwa, kisha tunamhurumia asibebe dogo? Huruma hiyo mara nyingine ni ya kujihurumia. Tena kutokuwa na hakika si sababu ya kunyamaza; hata hilo husemwa: "Mzee, wakati wa kazi kibofu kilipata tundu. Linapona. Kwa sababu yake hatukuweza kutia ile dawa, na kazi yetu itakuwa kukutazama kwa karibu zaidi. Huenda lisilete shida yoyote. Ukiumwa tumbo, useme habari hii." Hayo ni maneno ya kweli yote, wala hayakuhitaji hakika ambayo daktari hana.

Wanasema pia kwamba atashitakiwa. Hatari hiyo ni ya kweli, na serikali na hospitali zinapaswa kumlinda daktari asemaye ukweli kuliko anayeficha. Uingereza mwaka 2014 waliweka sheria inayozilazimu hospitali za umma kumwambia mgonjwa waziwazi panapotokea madhara makubwa. Lakini daktari wa kijijini asingoje sheria.

Neno juu ya jamaa. Desturi yetu ni kumwita mwana mkubwa pembeni. Ina wema wake, maana mgonjwa si kisiwa, na mwana ndiye atakayelipa na kumsafirisha. Lakini kumwambia mwana si kumwambia baba. Yule kijana aliyenyamaza hakufanya vibaya kwa nia, alidhani anamtunza. Alinieleza kwamba kila baba yake alipomshukuru Mungu mezani kwa upasuaji uliokwenda salama, yeye alishindwa kusema amina. Kama mgonjwa mwenyewe akisema, "Mambo hayo mwambieni mwanangu, mimi sitaki kuyasikia," hiyo ni haki yake, naye aachwe. Ila aulizwe kwanza. Mapadri wetu waendao kumpaka mgonjwa mafuta nao wasikubali kupewa siri ambayo mgonjwa hana, maana watawezaje kumsaidia kujiweka tayari mbele za Mungu wakijua hali yake kuliko yeye?

Limebaki jambo moja ambalo bado linanipa taabu. Wachunguzi waliwahi kutia kibofuni dawa inayoonekana kwenye picha, mara baada ya kukwangua, wakaona kwamba uvujaji mdogo mdogo hutokea mara nyingi kuliko ilivyodhaniwa, kwa wagonjwa ambao hawakuhisi lolote na ambao daktari hakuona tundu. Je, nao waambiwe? Hapa siwezi kusema kwa nguvu ile ile. Lisiloonekana na mtu haliwezi kuelezwa na mtu, na kumtafutia kila mgonjwa tundu kwa picha ni kumwongezea gharama na mashaka. Nadhani inatosha daktari aseme mapema, kabla mgonjwa hajatia sahihi, kwamba ukuta wa kibofu ni mwembamba, kwamba kazi yenyewe inataka kufika karibu na mwisho wake, kwamba unaweza kupenya, na kwamba ukipenya na yeye daktari akajua, mgonjwa atakuwa wa kwanza kuambiwa. Maneno hayo hayazidi dakika tano, na mahali pake ni kitandani, kabla ganzi haijachomwa, mwana mkubwa akiwa ameketi hapo hapo anasikia.